Perege Wasiofika Kipimo

Watoto wangu hunicheka nikiletewa samaki mdogo kwenye sahani. Wanasema mama huchoka kabla hata hajaanza kuchambua miiba. Hawajakosea. Miaka kadhaa ya ujana wangu niliimaliza kwenye bwawa moja la shamba la mkonge, nikibeba, nikipara magamba, nikirudisha majini, na mpaka leo sijaamua kama ile ilikuwa miaka ya shibe au ya njaa.

Sisi tulikuwa watu wa kambi. Babu zangu wa pande zote mbili walikuja kwa treni kukata mkonge, mmoja akitokea kusini kabisa, mwingine kule magharibi inakoishia reli, na hakuna aliyerudi kwao. Baba alizaliwa kambini, akaanza kukata mkonge kabla hajaota ndevu, akapanda mpaka akawa mnyapara wa wakataji. Shamba lenyewe lilikuwa njiani, ukitoka Kilosa mjini kuelekea Ulaya, kata ya wilaya yetu, si ile ya wazungu. Ukituuliza kwetu ni wapi, tulisema kambini, maana hatukuwa na kijiji kingine cha kutaja. Wenzetu wakifiwa walijua wapande basi gani. Sisi tulizika hapohapo, nyuma ya laini ya nyumba.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Madukani Kilosa vikarudi vitu tulivyokuwa tumevisahau: sabuni za kunukia, mafuta ya kula yasiyo na foleni, mitumba, redio. Vitu viliingia na mishahara ikatoka, kama waliopishana mlangoni. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanguka, na korona, ile mashine kubwa ya kuchambua majani kuwa singa, ilizimwa siku moja baada ya chai ya saa nne ikawa haijawashwa tena. Tuliambiwa shamba litauzwa, tumsubiri mwekezaji. Tulimsubiri. Nyasi ziliota mpaka kwenye ngazi za ofisi na sisi bado tunamsubiri.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Morogoro, na mtoto mmoja mgongoni na ndoa iliyokwisha. Nilimkuta mama ameshaanza kukaanga samaki. Samaki wenyewe walitoka bwawani. Lilikuwa bwawa lililochimbwa enzi za wazungu ili korona ipate maji ya kuoshea singa, na ndani yake walizaliana perege na kambale ambao hakuna aliyekumbuka waliingizwa na nani. Meneja alipokuwepo hakutaka mtu alisogelee isipokuwa Jumapili, tena kwa ndoana tu. Alipoondoka meneja, marufuku yake iliondoka naye. Mama alikaanga, mimi nikabeba kwenda kuuza Mikumi, kwenye barabara kuu, wanakosimama malori na mabasi ya Iringa na Mbeya. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yetu: kikaango cha mama. Baba hakuwa na mshahara, mimi sikuwa na mume, na kikaango kikikosa samaki wa kuuzika tulikuwa watu wa kuhama, tusijue tunahamia wapi.

Kilichotutisha ni nyavu. Soko huria lilileta nyavu za nailoni, nyembamba, za rangi ya maji, na mtu yeyote aliweza kuingia dukani Kilosa akatoka na moja. Kiangazi cha kwanza watu walikuja hadi kutoka Zombo kwa baiskeli, wakakokota lile bwawa kama wanaofagia uwanja. Walibeba wakubwa na wadogo, na waliowaona wadogo mno waliwatupa ukingoni wakaoza. Mvua zilipokaribia, mama alikuwa anakaanga mihogo.

Hapo ndipo baba alipoitisha mkutano. Sikuwahi kumwona amechangamka vile tangu korona izimwe. Alisimama mbele ya wakataji wake wa zamani, fimbo yake ya unyapara mkononi, akawaambia bwawa ni shamba, na shamba lina kanuni, na kanuni wanaijua wote.

Ni lazima nieleze mkonge unavyokatwa, la sivyo hamtaelewa jinsi watu wazima wenye akili zao walivyokosea. Mkonge hukatwa kuanzia chini. Unachukua majani marefu yaliyokwisha kulala, unayaacha yaliyosimama katikati, kwa sababu hayo ndiyo ya msimu ujao. Anayekata majani ya katikati anaua mmea, na enzi za baba alifukuzwa siku hiyohiyo. Jani fupi halipokelewi. Mkataji akilichomeka kwenye kitita, mnyapara hulichomoa na kulitupa. Tena kila mtu ana kipande chake, yaani kazi yake ya siku iliyopimwa, akiimaliza anakwenda zake. Watu wa kambini walikuwa wameishi kwa kanuni hiyo vizazi vitatu. Mkonge ulioheshimiwa hivyo uliwapa majani mwaka hadi mwaka.

Basi baba akaichukua kanuni ya mkonge akaipeleka bwawani. Alichonga alama kwa kisu kwenye fimbo yake. Samaki anayefika alama ni halali. Asiyefika ni mchanga, arudishwe. Tena kila nyumba ipate kipande chake cha samaki kwa siku ya kuvua, ikitosha itosheke. Nyavu za watu wa nje marufuku. Hakuna aliyebisha. Mkataji mmoja mzee alisema, "Mnyapara, hili hata usingetuambia tungelifanya," na wote wakaafiki.

Na lilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Mvua mbili zilipita, bwawa likajaa tena. Asubuhi uliweza kuona migongo ya samaki ikipasua maji. Mama alirudi kikaangoni na perege wa maana, wale ambao mkia unabaki nje ya karai. Kule Mikumi madereva walianza kuniita kwa samaki wangu. Nilikuwa naondoka alfajiri juu ya lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia na beseni mapajani, na vumbi la ile barabara likinijaa mpaka kwenye nyusi, nikifika nina rangi moja na magunia. Nikiteremka, nyani wa Mikumi walishanijua. Yupo mmoja, dume, aliyekuwa akinisubiri pale kituoni kama karani wa ushuru. Nilichoka mwili mzima, mikono ilinuka hata baada ya ndimu, lakini tulikula, mtoto alivaa viatu, na baba alitembea na fimbo yake kama zamani.

Siwezi kusema ni lini hasa mambo yaligeuka, kwa sababu hayakugeuka siku moja. Ilikuwa ni kuchelewa tu. Zamani wavuvi walimaliza vipande vya nyumba zote kabla jua halijawa kali. Baadaye ikawa adhuhuri. Baadaye ikawa wanashinda. Wavu ulipanda umejaa, mzito, wanaume wanne wakiuvuta, na baba akipita na fimbo: huyu hajafika, huyu hajafika, huyu hajafika. Kapu zima linamwagwa majini wanabaki wawili au watatu. Mimi nilikaa ukingoni na beseni tupu nikiangalia chakula kinatupwa, na sitawaficha, nilikuwa natamani kuishika ile fimbo niivunje kwa goti.

"Bado wachanga," baba alisema. "Tuwape muda."

Tukawapa muda. Watu waliwapelekea pumba kutoka mashineni, wengine mabaki ya majani ya kunde. Bwawa lilijaa samaki hata wafugaji waliohamia jirani kutoka kanda ya ziwa walisema ng'ombe wao wakiinamia maji wanakunywa na samaki. Walikuwepo wengi kuliko wakati wowote, na hawafiki alama. Madereva wa Mikumi wakaanza kuniuliza kama nimeanza kuuza dagaa. Siku nyingine nilirudi na beseni lilelile nililoondoka nalo. Nyani pekee ndiye aliyekuwa hajali ukubwa.

Siku moja perege kadhaa walinasa vibaya wakafia wavuni. Walikuwa wadogo, wa upana wa kiganja, na baba kwa kuwa wamekufa aliruhusu mama awachukue. Mama alikuwa uani anawapasua, mimi napuliza moto. Nikamwona amesimamisha kisu. Akapasua mwingine. Akapasua wa tatu. Kisha akamwita baba, ambaye alikuwa barazani anakarabati kiti.

"Njoo umwone mtoto wako," alisema.

"Mtoto gani?"

"Huyu. Ana mimba."

Baba aliinama. Ndani ya lile tumbo dogo mayai yalikuwa yamejaa, ya manjano, kama ulezi uliolowekwa. Akasema labda ni mmoja mgonjwa. Mama akamsogezea wa pili na wa tatu. Karibu wote walikuwa hivyohivyo. Hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wana familia zao, na sisi tulikuwa tumewangojea miaka wakue.

Baba alirudi barazani lakini hakukigusa tena kile kiti.

Bwana samaki wa wilaya alikuja wiki chache baadaye, baada ya baba kwenda mjini kumwomba mara kadhaa. Alikuja kwa pikipiki ya serikali iliyokuwa inawashwa kwa kusukumwa, na akatuambia mapema kwamba mafuta ni ya mfukoni mwake, hivyo hatalala. Alikuwa mtu wa pwani, wa makamo, amechoka usoni kama sisi. Alimsalimia baba shikamoo kabla hajashuka vizuri, akaomba wavu uvutwe mara moja tu. Akaangalia. Akaangalia fimbo. Akauliza, "Na kambale mnao?"

"Walikuwepo," baba alisema.

"Walikwenda wapi?"

"Walifika alama wote, mwanangu. Kambale ni mrefu."

Yule bwana alicheka kidogo, si kwa dharau. Akakaa chini kwenye majani, akamwomba baba naye akae. Alisema kambale ndio waliokuwa wakila perege wadogo, na sasa hakuna wa kuwapunguza. Bwawa ni lilelile, chakula kilekile, midomo imeongezeka mara nyingi. Samaki aliyebanwa hivyo haangaiki kukua, anaharakisha kuzaa.

"Lakini si hilo tu, mzee," alisema. "Kule kwetu baharini niliwasimamia wavuvi miaka mingi. Tuliwapangia matundu ya nyavu, mdogo apite, mkubwa abaki. Na samaki waliongezeka kweli, kama kwako. Ila ukiondoa wakubwa tu, msimu kwa msimu, anayepona ni nani? Ni yule aliyekomaa angali mdogo. Huyo ndiye anayebaki kuzaa, na watoto wake wanamfuata. Samaki aina ya changu niliokuwa nawapima nikianza kazi na niliowaacha nikihamishwa hawakuwa sawa. Na yule mama mkubwa mnene, mayai yake peke yake yanazidi ya wadogo chungu nzima. Tulikuwa tunamla yeye kwanza."

Baba aliigeuza fimbo yake, akapitisha kidole kwenye alama. Kisha akasema, polepole, "Mkonge ukiacha majani ya katikati, yanarefuka."

"Ndiyo. Mkonge."

"Kwa hiyo nimewadhulumu watu hawa."

"Hapana, mzee wangu. Bila fimbo yako ningekuta matope hapa. Ulizuia wasiishe. Sasa zuia wasidumae."

Akatueleza la kufanya, na lilikuwa kinyume cha kila kitu. Wadogo tuwale, kwa wingi, kila nyumba ipunguze. Wa kati tuwachukue kwa kipimo. Wakubwa waliosalia, na kambale yeyote atakayeonekana, warudi majini hata kama mtu ana njaa, mpaka mvua kadhaa zipite. Hakutaja ngapi. Tukamsukumia pikipiki ikawaka, akaondoka kuelekea Kilosa, na sikumwona tena.

Sasa nieleze na jambo jingine lililokuwa linaendelea jikoni kwetu. Pale Mikumi, karibu na mbuga, ilikuwa imefunguliwa hoteli ya watalii, moja kati ya zile zilizoota baada ya ruksa. Mpishi wake alikuwa amewahi kununua perege wangu enzi za wakubwa, na hakuwasahau. Alinisimamisha kituoni akaniambia wageni wake wanataka samaki wa maji baridi, mzima, anayejaza sahani. Nikimletea Jumamosi wanaotosha meza moja, wa ukubwa ule wa zamani, basi tutakuwa tunampelekea sisi kila wiki. Nilipomwambia mama alikaa kitako. Aliniuliza nirudie. Halafu akaanza kuhesabu kwa sauti mambo yatakayotengenezeka: bati linalovuja, ada ya mtoto wangu, dawa ya kifua ya baba. Tangu nirudi nyumbani sikuwahi kumsikia akiongea kuhusu mwaka ujao.

Wakubwa walikuwepo bado, si wengi. Sote tulijua wamejificha upande wa ukuta unaozuia maji, penye kina, ambako watu waliona uvivu kuvuta wavu kwa sababu ya magogo. Mama alimwambia baba kuhusu hoteli jioni ileile aliyoondoka bwana samaki. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia. Mama alichukua hilo kuwa ndiyo, na mimi pia.

Kesho yake baba alisimama mbele ya watu akawatangazia kanuni mpya. Walimwangalia tu. Mtu mmoja aliyekuwa amekata mkonge chini yake tangu ujana alisema, "Mnyapara, miaka yote umetutupia wadogo majini, watoto wetu wanalia. Leo wadogo ndio chakula, na wakubwa ndio tutupe?"

"Ndiyo."

Kusema "nilikuwa nimekosea" hakusema, hakulelewa hivyo, lakini aliwaeleza yote aliyoelezwa, pamoja na mayai, tena bila kujikinga. Wakaguna. Mwanamke mmoja akasema wazi kwamba siku akimpata mkubwa atamficha kwenye kanga. Wengine wakacheka. Nilijua, na baba alijua, kwamba kanuni ile haina wiki moja ya kuishi.

Ijumaa mama aliwaomba wavuvi wavute upande wa ukuta. Hawakukataa, walitaka na wao kuona itakuwaje. Karibu kambi nzima ilikuwa ukingoni. Wavu ulikwama kwenye magogo, wakazama kuuchomoa, ulipopanda walikuwemo. Perege weusi mgongoni, wenye vifua vyekundu, wazito, wanapiga mikia mpaka wanaturushia matope. Sikuwa nimewaona wa namna ile tangu mwaka wa pili wa fimbo. Mama alishasogeza beseni. Mmoja aliyewekwa ndani alifungua mdomo akatema watoto wake, kundi zima, wadogo kama vipande vya uzi, wakatawanyika kwenye maji ya beseni. Perege huwalea mdomoni.

Baba akaja akasimama juu ya beseni.

"Baba watoto," mama alisema kwa sauti ya chini, "hawa tu. Kuanzia kesho nami nitarudisha kama wengine."

"Hapana, mama."

"Basi nusu."

"Hata mmoja."

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Unajua hawa ni wa nini," na baba akasema anajua. Kisha akainama, goti lake moja lililokuwa bovu likalia, akalibeba beseni mwenyewe mpaka majini akaliinamisha. Walitoka taratibu, mmoja mmoja, kana kwamba hawaamini. Mama aliliokota beseni tupu, akaliweka kichwani, akaenda nyumbani.

Nilimchukia baba siku ile. Nasema wazi, nilimchukia kama mtu anavyomchukia jirani mchawi. Kesho yake nilipanda lori mikono mitupu kwenda kumwambia mpishi kwamba hakuna samaki, na yeye akasema si neno, amepata mtu wa kumletea wa barafu kutoka pwani.

Lakini kanuni ilishika. Baada ya Ijumaa ile hakuna aliyethubutu kuficha mkubwa kwenye kanga, kwa sababu wote walikuwa wameona aliyenyang'anywa wa kwanza ni nani. Walikula wadogo, wakawaanika juani, wakawapika kwa nazi na kwa karanga na kwa maji matupu. Nasi tulikula. Samaki hatukukosa hata siku moja, na hatukuwahi kuwa maskini kama wakati ule, kwa sababu hakuna dereva wa barabara kuu anayesimamisha lori kwa ajili ya samaki wa kidole. Tulivumilia kiangazi, masika, na kiangazi kingine. Wa kati walikuwa wameanza kunenepa kidogo, baba alinionyesha, nikamwambia baba mimi sioni. Kikaango kilikuwa kimeshika kutu pembeni.

Tukahamia Mikumi. Mama alipanga chumba kimoja nyuma ya gereji, akaweka jiko mbele, akaanza kukaanga vibua wa pwani waliokuja na malori kwenye maboksi ya barafu. Baba alikataa kuja, kisha akaja, na ile fimbo aliiacha kambini. Alikaa kwenye kigoda kando ya jiko akipepea mkaa. Mtu aliyewahi kuamuru wakataji mia sasa alikuwa akiamrishwa na mama: ongeza, punguza, hamisha sufuria. Hakulalamika. Mwanzoni alimuuliza kila aliyepita kutoka upande wa Ulaya habari za bwawa, halafu akaacha. Vibua nao walikuwa wakipungua ukubwa mwaka hadi mwaka, boksi lilelile likiingia wengi zaidi. Baba alikuwa akimshika mmoja mkiani, akamwangalia, akasema kwa uchovu, "Na huyu alikuwa mtu mzima," kisha akampa mama amkaange.

Miaka ilipita. Mtoto wangu alikuwa amemaliza darasa la saba. Asubuhi moja ilisimama baiskeli mbele ya jiko letu, na mwenye baiskeli alikuwa bwana mmoja mrefu, mtu mzima, lafudhi ya kanda ya ziwa. Alimpa baba shikamoo, baba akaitikia marahaba bila kuinua macho. Yule bwana akafunua kreti lake akasema ana sato, ninyi huku mnawaita perege, kama mama angependa kuwaona. Mama akafuta mikono akasogea. Mimi nilikuwa namenya vitunguu, nikaacha.

Walikuwa wakubwa. Hata aliyekuwa mdogo kuliko wote mle angepita alama ya fimbo ya baba na kuzidi.

"Hawa wametoka wapi?" mama aliuliza.

Akataja shamba letu. Alisema amehamia pale na familia yake na ng'ombe wachache, siku nyingi kidogo, na bwawa lile ndilo linalowalea. "Na hawa ni wa kati tu, mama. Wakubwa wenyewe hatuuzi, wanarudi majini. Ni sheria ya pale, kambale vilevile."

"Nani aliiweka?"

"Wananchi wenyewe." Alikuwa anapanga samaki vizuri ili tuwaone. "Nasikia zamani bwawa liliharibika vibaya. Kulikuwa na mnyapara mmoja wa enzi za mkonge, mkali, alikuwa anawalazimisha watu wavue wakubwa tu, miaka na miaka. Akawaachia vidagaa. Mpaka alipoondoka ndiyo watu wakapata akili."

Mama akaweka chini kisu. Nilimwona kifua kinapanda, na nilijua atasema nini, kwa sababu nami maneno yaleyale yalikuwa yamenifika kooni: Ijumaa ile, beseni, hoteli, bati, kila kitu. Baba alinyoosha mkono kutoka pale kigodani akamshika upindo wa kanga.

"Mwache," alisema.

Kisha akamgeukia yule bwana, na sasa alimwangalia usoni. "Wakubwa mnawarudisha kweli?"

"Kweli kabisa, mzee."

"Hata mtu akiwa na shida?"

"Hata akiwa na shida."

"Vizuri," baba alisema. "Msiibadilishe."

Yule bwana alitabasamu kwa heshima, jinsi mtu anavyomtabasamia mzee anayetoa ushauri ambao hakuombwa, akachagua perege mmoja mnono, akamfungia baba kwenye gazeti.